Sanduku Lisilotaka Unyevu

Tangu nirudi, mazoezi ya kwaya hayaendi. Kila nikifika mnaniuliza habari za Kilimatinde, nikianza kueleza mwalimu anagonga meza, na kila mtu anaondoka na kipande chake. Salome anasema nilikwenda kupigana. Mama Joyce anatangaza sokoni kwamba nilibeba bomu. Nimeona bora niandike yote tangu mwanzo, mpeane msome, halafu turudi kwenye nyimbo.

Kiomboi, kwenye kona kavu

Mume wangu mnamjua, Baba Tumaini, fundi wa dari. Mnajua pia kwamba nyumba yetu inavuja. Dari za watu anazipiga zinang'aa, yetu sisi ina madoa kama ramani, na mvua ikikolea mimi nahamisha godoro na beseni. Chumbani kwetu kuna kona moja tu isiyopata tone. Kona hiyo sikulala mimi. Hapo Baba Tumaini alipiga rafu, na juu ya rafu akaweka sanduku la plastiki la bluu lenye kifuniko cheupe. Kifuniko kina mpira kuzunguka ukingo wote na vishikizo viwili vya kubana, hata hewa haipenyi. Ndani ya sanduku ndimo zilimokaa baruti zake.

Kwa msiojua, ana mashine ya kupigia misumari kwenye zege, na haitumii umeme. Unaingiza risasi ndogo ya shaba yenye baruti, unakandamiza mdomo wa mashine kwenye zege, unafyatua, na msumari unazama. Hizo risasi yeye huziita baruti tu. Zinakuja zimepangwa kwenye ukanda wa plastiki, ndani ya boksi, na adui yao ni unyevu. Zikipata unyevu zinagoma, au zinasukuma msumari nusu na kuuacha umekaa nje, au zinachelewa. Kuchelewa ndiko kubaya zaidi, maana fundi anadhani imekufa, anaifungua, kumbe bado.

Haya nayajua kwa sababu nimeyala pamoja na ugali kwa miaka. Vile vijipakiti vyenye punje ambavyo huwekwa ndani ya viatu vipya, mume wangu anavikusanya anavitia kwenye sanduku vinyonye unyevu. Viatu vyangu vya kwaya, hivi vyeusi mnavyovisifia, kabla sijavijaribu alishachomoa kijipakiti. Hakuniuliza kama vinanibana. Kwa kweli nililionea wivu lile sanduku. Mwanamke mzima nikawa naliangalia juu ya rafu, limekauka, limetulia, na mimi chini nimeshika beseni.

Halafu akapata kazi Kilimatinde, kwenye bweni jipya la wasichana, na wivu wangu ukapata mtu.

Mtu huyo anaitwa Rehema. Ndiye msimamizi wa kazi, ametoka Dodoma. Baba Tumaini akipiga simu, neno la kwanza "hamjambo," la pili Rehema. Rehema amesema baruti zisikae sakafuni. Rehema amesema zibaki kwenye maboksi yake. Rehema amesema ziwekwe chumba tofauti na mashine. Mimi nilikuwa namwambia kila mwaka asiache vitu sakafuni, hakusikia. Sasa ameambiwa na Rehema, imekuwa elimu.

Siku moja akapiga simu sauti imepoa. Mvua ilipiga kule hadi maji yakaingia stoo chini ya mlango. Boksi zote za baruti zilikuwa bado sakafuni, alikuwa anapanga kuzipandisha juu ya mbao kesho yake. Rehema akazikataa zote. Madukani nako wanasema mpaka waagize. Kama baruti nyingine zisingefika wiki ile, kazi ya dari ingepewa fundi mwingine.

"Mama Tumaini, lile sanduku la rafuni lipo?"

"Lipo. Na mimi nipo."

"Halijapata unyevu?"

"Mimi ndiye nimepata unyevu. Godoro limelowa tena."

"Basi lilete wewe mwenyewe. Usimpe mtu. Na popote utakapofika, hakikisha halipati unyevu. Rehema amesema…"

"Huyo Rehema ana mume?"

Akasema mtandao unasumbua.

Nikaamua palepale. Nitakwenda, nimwone huyo mwanamke kwa macho yangu. Na nitasikiliza swali la kwanza la mume wangu nitakaposhuka. Akiniuliza habari zangu, yaishe. Akiuliza habari za sanduku kwanza, basi nitajua nyumbani kwangu naishi na nani. Hayo ndiyo niliyoyabeba, pamoja na sanduku.

Kiomboi hadi Singida

Mambo ya vibali bosi wao alishayashughulikia, nikaletewa bahasha, na bahasha haina hadithi. Nianze na nguo. Nilivaa kitenge kile cha harusi ya dada, nikasuka, nikavaa viatu vya kwaya. Mama Joyce aliponiona stendi aliuliza naenda kwenye sherehe gani. Nilimjibu naenda kupeleka vifaa vya ujenzi, akacheka mpaka akashika ukuta. Cheka tu, dada. Sikuwa tayari Rehema anione na nguo za palizi.

Ndani ya basi nililipakata sanduku. Kondakta akataka kuliweka chini kwenye buti, nikamwambia chini kuna unyevu. Akalitazama, akanitazama mimi na kitenge changu, akasema, "Samahani, mama," kwa heshima kubwa, akanihamishia kiti cha mbele. Nilishangaa lakini nikakaa. Mzee aliyekuwa jirani yangu akakunja miguu ili nipate nafasi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema kazi yetu ni ngumu na Mungu atatulipa. Nikasema amina, nikidhani anasema kazi ya kuwa mke wa fundi.

Tulipofika Misigiri tairi likaishiwa pumzi. Tukashuka, tukanunua mahindi ya kuchemsha. Muuza mahindi ameyafunika kwa nailoni mbili na mwavuli juu yake, yeye mwenyewe ananyeshewa. Nikala huku nimekalia gogo chini ya paa la duka, sanduku mapajani. Ghafla akaja msichana mwenye mtoto mgongoni, akasimama mbele yangu. Akaja mwingine, na wa tatu akamfungua mtoto wake kabisa, akanionyesha paja lake.

"Huyu alikosa ya mwezi uliopita," akasema. "Tulikuwa msibani."

Hapo ndipo nikaelewa. Sanduku la bluu, kifuniko cheupe, mwanamke aliyevaa vizuri, anasema halitakiwi kukaa chini. Basi zima walidhani nimebeba chanjo.

"Mama, si chanjo," nikamwambia. "Ni vitu vya ujenzi. Baruti za misumari."

Yule msichana akamvuta mwanawe kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Kwenye basi niliporudi, kiti cha mbele kilikuwa na mtu mwingine, na yule mzee aliyeniombea malipo kwa Mungu alikuwa amehamia nyuma kabisa. Nikakaa peke yangu kwenye viti viwili hadi Singida. Nikafikiri, kumbe huko nyuma nilikuwa naheshimiwa kwa ajili ya sanduku, na sasa natengwa kwa ajili ya sanduku. Mimi mwenyewe hakuna aliyeniona.

Singida nilikula kuku wa kienyeji pale stendi, supu yake na ndizi, na hilo silisahau. Simu ikaita.

"Umefika Singida? Halijapata unyevu?"

"Kavu. Nakula kuku."

"Vizuri. Usiliweke karibu na supu."

Ikungi, kwa Shangazi

Gari la Manyoni lilinifikisha Ikungi tu. Mbele yake korongo lilikuwa limejaa, maji yamekata barabara, na malori yamepanga foleni. Dereva akasema hatuendi popote mpaka kesho. Abiria wengine wakalalamika. Mimi nilishukuru kidogo, maana Ikungi ndiko anakokaa shangazi yake Baba Tumaini, Shangazi Naomi, mama mmoja Mnyiramba aliyeolewa na Mnyaturu zamani akabakia hukohuko. Mume alishafariki. Ana nyumba ya bati mbele na jiko la nyasi nyuma, na anapenda wageni.

Nikapiga hodi, nikamwamkia, akanikumbatia pamoja na sanduku. Tukaongea Kinyiramba, akafurahi, alisema ulimi wake ulikuwa umeanza kuota kutu. Akanipikia ugali wa uwele na mlenda. Wakati wa kula akaulizia hili sanduku ni la nini, nikamwambia ni mali ya Baba Tumaini, mali ya kazi, na jambo moja tu, halitaki unyevu. Nilimwambia kama nilivyoambiwa mimi. Nilimwambia mara mbili.

"Haya, niachie," akasema. "Vitu visivyotaka unyevu navijua mimi."

Nikamwachia. Nilikuwa nimechoka, na juu ya hapo alikuwa ameniuliza swali lililonivuruga. "Huyo Rehema ni nani?" Mume wangu alimpigia shangazi yake simu kumjulisha kwamba napita, na hata yeye akampa habari za Rehema. Shangazi alidhani ni mtoto wa ndugu.

Asubuhi nikakuta anakoka moto wa uji. Kuni mbichi, zinatoa moshi tu. Nikapiga magoti mbele ya mafiga, nikapuliza. Nilipuliza kwa hasira maana kichwani nilikuwa naongea na Rehema. Moto ukashika, ndimi zikapanda, sufuria ikaanza kuimba. Nikainua uso nifute machozi ya moshi.

Juu ya mafiga, kama ilivyo kwenye majiko yetu yote, kulikuwa na uchaga wa fito, mweusi kwa masizi. Hapo ndipo zinapokaa mbegu. Mashuke ya uwele, vibuyu vya kunde, mahindi yamefungwa kwa maganda yake. Moshi unafukuza wadudu, joto linafukuza unyevu, na mbegu inangoja mwaka mwingine ikiwa kavu. Mama yangu anafanya hivyo, mama zenu wanafanya hivyo. Na katikati ya vibuyu, lilikuwa sanduku la bluu.

Jamani. Nilimshika Shangazi mkono, nikamvuta nje na mwiko wake, uji ukabaki. Kisha nikarudi ndani, nikamwaga ndoo nzima ya maji kwenye mafiga, majivu yakaruka mpaka kwenye kitenge cha harusi ya dada. Nikapanda kwenye kigoda nikalishusha. Lilikuwa na joto, kama sufuria iliyoepuliwa zamani kidogo. Kifuniko cheupe kimekuwa rangi ya chai. Nikatembea nalo taratibu hadi mwisho wa uwanja, nikaliweka kivulini, nikarudi kukaa kizingitini.

"Kuna nini?" Shangazi aliuliza.

"Shangazi, ndani kuna baruti."

Akatazama jiko. Akatazama sanduku. "Ulisema halitaki unyevu," akasema polepole. "Nami nimeliweka mahali pakavu kuliko pote nyumbani kwangu."

Alikuwa amenitunzia kama anavyotunza mbegu zake, na usiku kucha makaa yalikuwa chini yake. Nikampigia simu Baba Tumaini, hapatikani. Nikapiga tena na tena, hapatikani. Hasira ikanipanda, nikafikiri: yupo na Rehema, wanaangalia dari.

Juu ya mashudu

Korongo lilipopungua, nikapata pikapu iliyobeba mashudu ya alizeti kutoka kwenye mashine za kukamua, inakwenda Kintinku kwa wafugaji. Dereva ni Bwana Ramadhani, mtu mzima, mcheshi, amenikaribisha mbele. Nilishafungua mlango. Halafu nikaona si haki. Kama lingemlipukia mtu wa watu, na mimi nimenyamaza, ningeulizwa na Mungu.

Nikamweleza yote, pamoja na uchaga.

Akalitazama sanduku. "Limepoa?"

"Limepoa."

"Mama, mimi sikatai kukubeba," akasema. "Lakini wewe na hiyo mali yako mkae nyuma. Mbele nina sigara yangu na watoto wangu sita nyumbani."

Kwa hiyo nikapanda nyuma, juu ya magunia. Kabla hatujafika mbali mvua ikaanza. Bwana Ramadhani akasimama, akatoa turubai, nikamshukuru. Akalitandaza juu ya magunia, akalifunga kwa kamba vizuri pande zote, na mimi akaniacha juu ya turubai.

"Mashudu yakilowa yanavunda, mama," akaniambia kwa huruma.

Nikabaki pale juu, nimeshika kamba, maji yananimwagikia. Muuza mahindi anafunika mahindi. Shangazi anakausha mbegu. Bwana Ramadhani anakinga mashudu. Mume wangu analinda baruti. Kwenye mkoa mzima wa Singida kila kitu kina mtu wa kukikinga mvua, nikasema, isipokuwa mke wa fundi wa dari. Nililia, nawaambieni ukweli, na kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa hakuna aliyejua.

Hapo ndipo shetani aliponijia. Nilikuwa na koti moja la mvua, lile la kijani, na nilikuwa nimelifunika nalo sanduku. Nikafikiri nilivue sanduku koti, nivae mimi. Nifungue kifuniko kidogo tu, mvua iingie, nifunge. Kazi ipewe fundi mwingine, Rehema aende zake, na mume wangu arudi nyumbani azibe paa. Mkono wangu ulishafika kwenye kishikizo. Nikaona picha ya Baba Tumaini amekandamiza ile mashine kwenye zege, uso karibu, risasi imegoma, anaifungua kuitazama. Nikaondoa mkono. Wivu ninao, lakini vidole vyake navihitaji.

Tulipita Manyoni sikushuka hata kunywa chai, nilivyolowa nisingekaribishwa hoteli yoyote. Kwenye njia panda ya Kilimatinde Bwana Ramadhani akanishusha, akakataa nauli, akanipa andazi. Andazi lilikuwa kavu kabisa, lilikuwa limefungwa nailoni.

Kilimatinde

Bodaboda ikanipandisha kule juu. Kilimatinde iko kilimani, na siku ya mvua ukitazama chini kuelekea Kintinku huoni kitu, ni ukungu mtupu. Majengo ya zamani ya mawe yanakaa kimya katikati ya miti. Siku nyingine ningesifia. Siku hiyo nilikuwa natetemeka, nywele nilizosuka zimelala usoni, viatu vya kwaya vimejaa tope, kitenge kina majivu, maji na harufu ya alizeti.

Baba Tumaini alikuwa mlangoni mwa bweni. Aliponiona akaja mbio. Mbio kweli, mpaka kofia yake ikadondoka. Moyo wangu ukaruka kama wa msichana. Akafika, akanyoosha mikono miwili, akalipokea sanduku.

"Hazijalowa?"

Basi. Hilo ndilo swali la kwanza.

Nyuma yake akatoka mwanamke. Nisiwadanganye, ni mzuri. Ni kijana, ana buti na kizibao cha kung'aa, penseli sikioni, meno meupe. Nilitafuta kasoro tangu juu hadi chini sikuipata. Akanijia, akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo! Nilitamani aniambie hata mambo. Kwetu mtu akikupa shikamoo ni lazima uitike, nikaitika, lakini ilinitoka kama jino. Kisha akamgeukia mume wangu na uso ukabadilika.

"Fundi, mwenzio amelowa. Sanduku lina mpira, yeye hana."

Akavua koti lake akanivika. Lilikuwa kavu na lina joto la mwili wake. Hapo wivu ulinizidi kuliko safari yote, maana maneno yale yalipaswa kuwa ya mume wangu, na yamesemwa na mtu mwingine, tena huyohuyo. Ningependa awe mbaya. Mtu mbaya unamchukia, unarudi nyumbani, unalala.

Baba Tumaini alikuwa ameshaweka sanduku mezani, vidole viko kwenye vishikizo. Amefurahi, analipapasa. "Kavu," anasema, "kavu kabisa. Nilijua Mama Tumaini hawezi kuniangusha." Kazi ilikuwa imepona. Nami nilikuwa nimesifiwa mbele ya Rehema, kitu nilichokitamani tangu Kiomboi. Ningenyamaza tu, ningeondoka mshindi.

"Usifungue," nikasema.

Nikasimulia habari ya uchaga. Niliposema neno moto, Rehema alirudi nyuma hatua moja, akanishika mkono turudi wote. Baba Tumaini akaondoa vidole kwenye sanduku kama limemng'ata.

"Fundi," Rehema akasema, "ulimwambia habari ya moto?"

"Nilimwambia unyevu."

"Na moto?"

Baba Tumaini akainamia buti zake, akaanza kufunga kamba.

"Mara ngapi nimesema? Mbali na unyevu, mbali na moto, mbali na jua, mbali na mashine yenyewe. Umeshika moja, tatu umeziacha, halafu umempa mama wa watu abebe."

Akamgombeza vizuri, mpaka mafundi wengine wakajifanya wanatafuta misumeno. Nilifurahi na nikakasirika kwa pamoja. Alichosema kilikuwa kweli, lakini mume ni wangu, na kumgombeza ni kazi yangu. Nikamwambia hivyo. Hapo ndipo ilipotokea ile habari ya Salome kwamba nilipigana. Sikupigana. Nilisema tu, kwa sauti ya kwaya, kwamba huyu ni mume wangu, nitamgombeza mwenyewe, na kwamba anakausha baruti wakati mke wake analala chini ya tone, fundi wa dari mzima!

Bweni zima likasikia. Rehema akanitazama, akamtazama yeye. "Nyumba ya fundi wa dari inavuja?" akauliza.

Baba Tumaini akainua macho kwenye dari ya bweni. Rehema akaamua zile baruti zisitumike hata moja, huwezi kuijua kwa macho iliyopikwa. Zitawekwa peke yake, mbali na watu, mpaka muuzaji azifuate, na mpya zitaagizwa Dodoma. Mume wangu akalibeba sanduku akalipeleka kwenye kibanda cha mwisho, anatembea kama amebeba yai. Aliporudi hakuuliza kazi itakuwaje. Akakaa kwenye mfuko wa saruji mbele yangu.

"Shangazi alikuwa anapika chini yake?"

"Alikuwa anapika uji."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napuliza moto."

Akanitazama. Nadhani ndipo alipoona majivu kwenye kitenge. "Ulikuwa unapuliza moto," akarudia. "Wewe. Chini yake." Akanishika miguu, akanivua viatu vya kwaya, akamwaga maji yaliyokuwamo. "Umeumia popote? Umekula?"

Swali lilifika, ila lilipanda gari la nyuma. Nilimjibu nimekula andazi.

Kurudi

Kwa kuwa baruti mpya zingechelewa, Rehema alimwombea kwa bosi wasimnyang'anye kazi, akamruhusu arudi nami nyumbani, kwa sharti moja, kwamba akirudi amwonyeshe picha ya dari ya chumba chetu. Njiani tulipita Ikungi. Baba Tumaini akamwomba Shangazi radhi, na Shangazi akakataa kuombwa, akatupa kibuyu cha kunde kutoka uchagani. Kimekauka vizuri, mbegu zake nitawagawia.

Nyumbani akapanda juu, akabadilisha bati mbili, akaziba matundu. Upande wangu sasa mkavu. Upande wake bado unadondoka kidogo, na sijamwambia. Ile rafu ya konani nimeweka viatu vya kwaya.

Amesharudi Kilimatinde, na kazi ya dari haikupewa mtu mwingine. Baruti mpya anasema zinakaa kwenye kabati juu ya mbao, mbali na kila kitu. Jana mvua ilipokuwa inapiga hapa, simu ikaita. Nikapokea, nikangoja.

"Mama Tumaini, umelowa?"

Lilikuwa swali la kwanza. Hakutanguliza hamjambo wala kitu kingine. Nilitaka kulia. Halafu nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke inacheka, na nikamsikia mume wangu akinong'ona, "Nimeuliza, tayari."

Nikamjibu nimekauka. Kisha nikamwambia ampe huyo Rehema simu. Alipopokea akaniamkia tena ile shikamoo yake, nikaitikia, nikamshukuru kwa swali. Nikamwambia hilo moja linatosha, yaliyobaki nitamfundisha mwenyewe.